Mbuzi Ambaye Hatukumtangaza

Kama una cheko, licheke sasa ulimalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kuona meno ya mtu. Haya niliyaona mchana, jua likiwa juu, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa nimetafuna miraa, sikuwa na homa, sikuwa nimelala. Wapo wanaosema joto la Garissa lilinipanda kichwani. Mimi nimezaliwa humuhumu mjini, mtaa wa Galbet, joto hilo nimelinyonya pamoja na maziwa ya mama. Leo ndiyo linipande kichwani? Wengine wananishauri nimwone daktari wa akili. Sawa, nitakwenda. Lakini daktari huyo ataniletea ndugu yangu?

Ndugu yangu anaitwa Bishar. Nasema anaitwa, sisemi aliitwa, na ukitaka kujua kwa nini, vumilia nifike mwisho. Alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na kitu. Tulilala mkeka mmoja, tukavaa viatu kwa zamu, tukasoma darasa moja maana yeye alichelewa kuanza shule akichunga mbuzi wa mjomba wetu. Tulipokuwa watu wazima tukaanzisha kazi pamoja, kazi ambayo mji mzima uliicheka. Tulikuwa tukiwapeleka watu mapumziko ya wikendi.

Ndiyo, Garissa. Usiniangalie hivyo. Mji huu umejaa walimu, wauguzi na makarani walioletwa kikazi kutoka Kitui, Kisii, Nyeri, na ikifika Ijumaa jioni wanakaa vyumbani kutazama kuta. Sisi tukaona hao ndio riziki yetu. Tulinunua kayaki nne za plastiki, zimechakaa, kutoka Naivasha. Tukapata mahema mawili, mishipi na ndoano, na gari la shemeji yake Bishar. Kila mwezi wa kumi, kabla mvua za vuli hazijaujaza mto Tana matope na magogo, tulikuwa tukishuka upande wa Kotile. Huko mto uliacha mkono wake wa zamani, ukabaki ziwa dogo lililotulia, maji hayana haraka. Watu walipiga kafi, wakavua kambare, na asubuhi wakatembea kwa miguu kuwatazama twiga. Mlima hatuna. Aliyetaka kupanda mlima tulimwonyesha kichuguu.

Katika kazi ile mimi nilikuwa mdomo na Bishar alikuwa mikono. Mimi nilipiga simu, nikasifia, nikaahidi. Yeye ndiye aliyetangulia majini kila asubuhi, akipiga kafi huku na huku kuhakikisha hakuna mamba aliyehamia. Samaki mwenyewe hali, mama yetu mpaka leo humwita samaki nyoka, lakini alijua kambare wamelala wapi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Na alikuwa mkimya. Ukimkosea hasemi, anatengeneza ulichoharibu, basi. Mimi ukimya wake nilikuwa nikiuona udhaifu. Mungu anisamehe.

Wikendi ninayokusimulia wateja walikuwa wawe watano. Kukazuka uvumi kuhusu usalama wa barabara, kama kawaida, wanne wakaghairi. Akabaki mmoja tu, mwalimu Mutiso, Mkamba wa Kitui anayefundisha hisabati mjini. Mtu wa mzaha, tumbo mbele, anapenda nyama kama fisi na mwenyewe anakiri. Nilimwahidi kuvua Jumamosi mchana na nyama choma Jumamosi jioni. Tukafika, tukajiandikisha kwa polisi wa Kotile kama inavyotakiwa, tukapiga mahema chini ya migunga karibu na maji. Nikafungua mizigo. Lile sanduku la barafu lenye nyama nililiacha nyumbani, Galbet, mlangoni. Nililiweka mlangoni ili nisilisahau.

Nikajiambia, tutakula samaki. Kambare nao wakagoma. Mutiso alikaa kwenye kayaki tangu saa tatu hadi alasiri, jua likimchoma shingo, hata mmoja hakugusa ndoano. Bishar akamzungusha kila pembe anayoijua. Hakuna kitu. Mutiso alirudi nchi kavu, akakaa kwenye jiwe, akasema, "Bwana mkubwa, hii ni wikendi ama ni swaumu? Mngeniambia mapema nikanuia." Alicheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliungua. Sisi hatuwezi kuvumilia aibu ya mgeni kulala na njaa. Na huyu angerudi chumba cha walimu Jumatatu na kuisimulia hadithi hiyo vizuri sana.

Hapo ndipo mbuzi alipokuja.

Alitoka vichakani peke yake, maksai mweupe, mnene, manyoya safi kama ameogeshwa. Hakula majani njiani. Hakulia. Alikuja moja kwa moja hadi katikati ya mahema, akalala kati ya mabegi yetu, akatulia kama mtu aliyefika kwake. Mutiso alipiga makofi. "Mungu wenu na wangu wamekutana wakashauriana!" akasema.

Nikafuta kisu kwenye suruali. Bishar akaja akasimama kati yangu na yule mbuzi.

"Walaal, ndugu yangu, huyu ni baadi," akaniambia. "Ana mwenyewe."

Ngoja nikueleze, maana huenda hukukulia kwetu. Baadi ni mnyama aliyepotea akaingia kwenye kundi lako. Sheria yake anaijua kila mtoto wa mfugaji. Unamtunza pamoja na wako. Akiwa na maziwa, kunywa. Lakini humchinji, humuuzi, na unamtangaza: kisimani, msikitini, kwa kila mpita njia, kwamba kwangu kumeingia mnyama. Hutaji alama zake. Mwenyewe akija, yeye ndiye anayetaja alama kabla hajaonyeshwa mnyama, na akizitaja sawasawa unampa bila maneno. Kwa sheria hiyo mtu anaweza kupoteza ngamia Wajir na kumpata Ijara baada ya mwaka mzima, ameshazaa. Ni amana. Hatuna kufuli porini, tuna hiyo tu.

Mimi niliijua sheria hiyo kama unavyojua wimbo wa shule. Bishar aliijua kwa miguu yake, amechunga. Akataka tumfunge mbuzi kamba, yeye atembee hadi Kotile amtangaze msikitini baada ya sala ya magharibi. Nikamwambia, tutamtangaza kesho. Akasema, "Utatangaza nini kesho, mifupa?" Nikamwambia asinifedheheshe mbele ya mgeni, kwamba mwenyewe akija tutamlipa, kwamba yeye na sheria zake za porini ndio sababu tutakufa maskini. Nilisema mengine pia, siyarudii. Bishar aliniangalia, kisha akapisha. Alikataa tu kushika miguu. Mutiso ndiye aliyeshika.

Nilimchinja mimi mwenyewe, kwa jina la Mwenyezi Mungu, na naomba nisiulizwe siku ya siku ilikuwaje kinywa changu kikaweza kutamka jina hilo. Mbuzi hakurusha teke. Hakulia hata nilipomwekea kisu. Mutiso akasema, "Huyu amestaarabika kuliko wanafunzi wangu." Tukachoma, tukala. Bishar alikula wali mkavu na chai. Kichwa, ngozi na kwato nilivifukia mchangani karibu na maji, nikakanyagakanyaga juu. Nikalala usingizi mzuri, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi ninapolikumbuka.

Jumapili, kama saa nne asubuhi, Mutiso alikuwa majini na kayaki yake, Bishar anakunja hema, mimi nachemsha chai. Nikainua kichwa nikaona mtu amesimama umbali wa hatua kumi. Nyuma yake kundi la mbuzi, mbuzi wengi, na niamini nikikwambia sikusikia kwato hata moja. Wewe umewahi kukutana na kundi la mbuzi lisilo na sauti? Mbuzi watatu tu wanatosha kumwamsha jirani. Na pale Kotile mwezi wa kumi ardhi ni unga, kuku akipita vumbi linainuka. Hawa hawakuinua vumbi.

Mtu mwenyewe alikuwa wa kawaida. Hilo linawaudhi watu ninapowasimulia, wanataka pembe na moto. Alikuwa mwembamba, wa makamo, kikoi cha buluu, fimbo begani, mikono imening'inia juu ya fimbo kama wachungaji wote. Lakini hakutoa salamu. Mchungaji wa kwetu hata akiwa anakufa kwa kiu, salamu kwanza, kisha habari za mvua, kisha malisho, ndipo aombe maji. Nilimkaribisha chai. Akanipita. Alitembea taratibu hadi karibu na maji, akasimama palepale nilipofukia kichwa, akaichomeka fimbo mchangani.

"Nina baadi wangu," akasema kwa Kisomali safi, cha zamani kidogo. "Mweupe. Sikio la kulia limechanjwa mara mbili. Shingoni kushoto ana alama ya moto. Kwato ya mbele imepasuka. Aliingia kwenu jana alasiri."

Kila alama ilikuwa kweli. Kwato ile iliyopasuka niliishika kwa mkono huu. Nilikuwa na nafasi, unasikia? Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, ndiyo, ameingia, shetani alinipitia nikamchinja, niambie nikulipe nini. Wafugaji husameheana makubwa kuliko hayo. Lakini Mutiso alikuwa anatukaribia na kayaki, anatabasamu, na mimi nikaona haya. Nikasema hatujaona mnyama.

"Wallahi?"

"Wallahi."

Bishar aliinuka na hema mkononi, akafungua mdomo. Nikamtolea macho, nikaongeza haraka, "Na ndugu yangu pia hajaona." Nilimwapia na yeye. Nilichukua ulimi wa mtu mkweli kuliko wote ninaowajua nikaufutia uongo wangu. Naye Bishar, kwa sababu hajawahi kumwaibisha ndugu yake mbele ya mtu, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Yule mtu aliutazama ukimya wa Bishar kwa muda. Kisha akang'oa fimbo.

"Basi," akasema. "Anayeingia kwa mtu asitangazwe, amekuwa wake. Hiyo ni sheria mliyojitungia ninyi, si yangu. Nami nitaifuata."

Akapiga ulimi kama wanavyofanya wachungaji, kundi likaanza kupita mbele yangu. Ndipo nilipoona macho. Mboni ya jicho la mbuzi imelala, kama mstari. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Za wale hazikulala. Zilikuwa za mviringo, kama zako na zangu. Walipita mmoja mmoja, weupe, wekundu, wenye madoa, kila mmoja ana alama ya ukoo tofauti, na kila mmoja alinigeukia akanitazama akipita. Nikajiuliza yule tuliyemla alikuwa na macho gani. Sikuwa nimemtazama machoni.

Hapana, subiri, usiseme kitu.

Nilipogeuka, Bishar ameliweka hema chini vizuri, amelikunja nusu, na anatembea nyuma ya kundi. Nilidhani amekwenda kumwambia yule mtu ukweli. Nikasema moyoni, haya, aende akanisaliti, na nikakasirika. Kweli nilikasirika! Nikamwita, "Bishar! Warya, Bishar!" Hakugeuka. Mwendo wake haukuwa wa mtu anayemkimbilia mwenzake. Alitembea kichwa chini, bega likigusana na mbuzi wa mwisho, kama amezoea. Wakaingia vichakani.

Nilimsubiri nusu saa nzima, nikinywa chai kwa hasira. Kisha woga ukanishika. Nikafuata nyayo. Huwezi kuamini, kundi halikuacha alama, ila ndala za Bishar ziliacha, zinaonekana wazi katika ule unga. Mbele kidogo nikazikuta ndala zenyewe, zimevuliwa, zimepangwa pamoja kama za mtu aliyeingia msikitini. Kisha nyayo za miguu mitupu, hatua kadhaa, vidole vyote vinaonekana. Baada ya hapo ni kwato. Kwato za mnyama mmoja, ndani ya vumbi, zikienda kusini.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Mutiso alinikuta nimekaa na zile ndala mapajani. Alizihesabu zile nyayo kwa kidole, yeye mtu wa hisabati, akarudia kuzihesabu. Vijana wa Kotile na polisi walitafuta kwa siku nane. Mfuatiliaji nyayo wao, mtu ambaye akitazama kinyesi cha ngamia anakwambia ni wa nani, alifika pale zinapogeuka akavaa viatu vyake akarudi nyumbani. Aliniambia hiyo si kazi yake.

Mutiso aliomba uhamisho. Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa simu aliniambia ameacha nyama kabisa, mke wake anadhani ni mambo ya presha. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bwana mkubwa, tulikula nini?" Nikakata simu.

Mama sikumwambia yote. Nilimwambia Bishar amepotea, nikaficha mbuzi, nikaficha kiapo. Mke wa Bishar alikaa uani na binti yao mdogo akinitazama tu kila nikipita. Yule mtoto alikuwa akiniuliza baba anarudi lini, nami namjibu kesho, kesho, mpaka akaacha kuniuliza. Mama ndiye aliyesema, wiki ya tatu, "Mbona mnamtafuta kama mwizi? Kilichopotea hutangazwa. Nenda katangaze."

Basi nikaenda. Nilimtangaza ndugu yangu kama mbuzi. Nilisimama visimani na misikitini, Kotile, Masalani, vijiji vyote vya njiani, nikasema nimepotelewa na mtu. Watu walinipa chai, wakanihurumia, wakanielekeza mbele. Mwezi wa pili wa kutangaza nikafika Hulugho, karibu na mpaka, mahali ambapo wafugaji wanakuja na mifugo hadi kwenye mabirika ya kisima. Ilikuwa saa sita mchana. Watu wote wamejificha kivulini, mabirika matupu, mimi peke yangu nimeegemea ukuta kwa uchovu.

Nikaona kikoi cha buluu.

Alikuwa ananywesha. Kundi lilelile, kimya kilekile. Nilimwendea nikitambaa nusu ya njia, wallahi, nikamshika kikoi. Nikasema yote. Kwamba tulimla, kwamba niliapa uongo, kwamba Bishar alikataa, hakula hata kipande, kosa lote ni langu, anichukue mimi.

"Mbuzi yule nilishamaliza habari yake," akaniambia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo. "Umekuja kudai?"

"Nimekuja kumdai ndugu yangu."

"Basi taja alama."

Nikainua macho. Nyuma yake beberu mmoja wa rangi ya udongo, mrefu, aliacha kunywa. Maji yanamdondoka kidevuni. Alikuwa ananitazama, na mboni zile ni za mviringo. Nikataka kumsogelea. Yule mtu akaweka fimbo katikati. "Alama hutajwa kabla ya kuangalia," akasema. Akanisukuma bega, nikageukia ukuta.

Nikasema anaitwa Bishar, nikamhesabia baba zake mpaka wa kumi. Akasema jina si alama, jina hata adui hulijua. Nikasema ni mrefu, mweusi, mkimya. Akasema hao ni wengi. Akasubiri. Na mimi nikiwa nimeutazama ule ukuta nilitafuta mwili wa ndugu yangu kichwani mwangu. Mtu niliyelala naye mkeka mmoja! Nikamwona anakunja hema, anasukuma kayaki, anamimina chai, na kila nilipomsogelea nimwone vizuri, nilikuwa namwona mgongo. Nikakumbuka alianguka na baiskeli tukiwa darasa la nne.

"Ana kovu la goti," nikasema. "La kushoto."

"Wangu hana."

"La kulia! Nilisahau, ni la kulia."

"Mwenye mali habahatishi," akasema.

Nikaanza kupayuka. Kidole. Mgongo. Kidoti shavuni. Nilitaja kila kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho, nikilia kama mtoto. Nilipogeuka walikuwa wameshaanza kuondoka. Yule beberu alikuwa wa mwisho. Alipita karibu nami kiasi cha kumgusa, na mkono wangu haukuinuka. Aligeuza kichwa mara moja, sikio lake la kushoto limepungua kipande kidogo chini, nikafikiri ni chale ya mfugaji, masikio ya mbuzi huchanjwa. Kisha akafuata wenzake. Hakuna vumbi lililoinuka.

Nilirudi Galbet nikamweleza mama kila kitu, safari hii bila kuficha. Alikuwa akipepeta mchele. Hakulia, hakunilaani. Aliuliza kitu kimoja tu: nilitaja alama gani? Nikamwambia kovu la goti.

"Baiskeli ilikuangusha wewe," mama akasema. "Kovu ni lako."

Kisha akazitaja. Hakufikiri hata kidogo, alizitaja huku mchele unaendelea kupepetwa. Alama ya kuungua kwapani kulia, birika la chai, akiwa anatambaa. Kidole kidogo cha mguu kimepanda juu ya mwenzake. Na ncha ya chini ya sikio la kushoto haipo. "Ulimng'ata wewe," akasema, "ukiwa na miaka miwili, mkigombania ziwa langu. Alitoka damu mpaka nguo yangu ikaloa. Tangu siku hiyo akakuachia."

Nimekaa mbele ya sikio lile miaka zaidi ya thelathini. Nimelisemesha, nimelifokea, nimelinong'oneza mipango yangu. Sikuwahi kuliona.

Sasa kila siku ya soko mama hunitaka nimpeleke Hulugho. Ni mzee, barabara inamvunja mifupa, lakini anakwenda. Anakaa karibu na mabirika saa sita mchana, jua linamchoma, anazitaja alama zile kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama anavuta tasbihi. Kikoi cha buluu hakijaonekana tena. Nadhani sheria ni sheria: aliyedai akakosea, madai yamekwisha, na hakuna mwingine wa kuyafungua. Sijamwambia mama hivyo. Nadhani anajua. Safari iliyopita, tukiwa njiani kurudi, aliniuliza bila kunitazama, "Na mimi nikipotea, utasema nini?"

Kayaki nimezifunika turubai uani, hakuna anayezigusa. Ukiniuliza, nitakuonyesha kila mkwaruzo ulio juu yake na jiwe lililoufanya. Nyama ya mbuzi siigusi, na sipiti soko la mifugo bila kuwatazama macho. Watu wameshaanza kunicheka. Wacheke.

Wewe unayenisikiliza, ukienda kupumzika mahali, mnyama akaingia kambini kwako, hata awe mnene vipi, hata mgeni wako alie njaa, mfunge kamba ukamtangaze. Lakini hilo ni dogo, hilo ungelijua hata bila mimi. Ninalokuomba ni jingine. Leo ukifika nyumbani, usiwashe simu kwanza. Waangalie watu wako mmoja mmoja, masikio, mikono, vidole vya miguu, hata wakikuona mwendawazimu. Waangalie sasa, kwa sababu siku utakayoulizwa, utaulizwa umegeukia ukuta.